Hodi Kwenye Ardhi Tupu

Wananchi wote wafahamu, wenye nyumba na wasio na nyumba, wanaolala chali na wanaolala ubavu kwa ufinyu wa nafasi, kwamba Idara ya Ardhi Tupu imeamua kuwahurumia. Kila familia isiyo na pa kukaa itapewa kipande cha shamba, ipige kambi, ijenge, itulie. Sharti ni moja tu, tena dogo, halimkwazi mtu mwenye nia njema: ardhi yenyewe iwe tupu.

Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo, likisomwa kwa kipaza sauti juu ya gari lililopita mtaani polepole, ili hata wazito wa kusikia wasije wakaisingizia serikali. Dobi alilisikia akiwa ameinama juu ya beseni, mikono imezama kwenye povu hadi viwiko. Alinyanyuka na shati la mtu mkononi, maji yakimchuruzika miguuni, akasikiliza mpaka gari lilipokata kona.

"Mama watoto," aliita. "Umesikia?"

"Nimesikia," mkewe alijibu kutoka ndani. "Na mimi nina masikio."

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na mama yake mzazi naye alimwita hivyo akikasirika. Alikuwa amepanga chumba kimoja, yeye na mkewe na mama yake na watoto wawili, wa kike aliyeanza shule na wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Lakini wapangaji wa kweli walikuwa nguo za watu. Nguo ndizo zilizokuwa na nafasi nzuri. Suruali za wafanyakazi wa benki zilining'inia juu ya kitanda, na yule mdogo alikua akidhani miguu ya suruali ni mapazia. Mwenye nyumba alikuwa amepiga marufuku kamba za nguo uani, kwa kuwa zilidondoshea gari lake maji. Sasa mwanawe alikuwa anaoa, na chumba kilitakiwa.

"Mvua zikiisha, mnanipisha," mwenye nyumba alisema, kwa upole wa mtu asiye na shida.

Basi Dobi akawa anaomba mvua isiishe. Sidhani kama aliwahi kutokea dobi mwingine duniani wa kuomba dua kama hiyo. Ndiyo maana tangazo lile lilimwingia moyoni moja kwa moja. Aliiamini serikali. Alikuwa amefua mashati yake mengi mno asiiamini.

Makao makuu ya Idara hayakuwa mjini. Kwa kutaka kuwa karibu na ardhi, Idara ilijijengea kule uwandani, mbali kabisa, hivi kwamba mwenye kutaka ardhi ilimbidi kwanza aivuke yote. Ubaya uko wapi? Mtu akifika anakuwa ameshaikagua. Dobi alifika na vumbi mpaka kwenye kope, akakaa kwenye benchi, akaitwa na Afisa Mapokezi, kijana nadhifu aliyezungumza kana kwamba kila neno linatoka ghalani.

"Shikamoo mzee. Karibu. Umekuja kwa ajili ya ardhi tupu au ardhi isiyo tupu?"

"Tupu, baba. Tangazo limesema tupu."

"Vizuri. Maana isiyo tupu hatutoi." Alijiweka sawa kitini. "Sasa, utajuaje kwamba ardhi ni tupu?"

"Si unaangalia?"

Afisa Mapokezi alitabasamu kwa huruma. Alieleza kwamba zamani, enzi za giza, Idara nayo ilikuwa ikiangalia. Lakini uchunguzi wa kitaalamu ulibaini kuwa macho yana upendeleo. Huyu anaona shamba, yule anaona kichaka, wa tatu anaona shemeji yake. Ndipo Mkurugenzi, aliporejea kutoka ziara ya mafunzo ughaibuni, akabuni Kanuni ya Hodi. Mpiga Hodi Mkuu anasimama mpakani, anapiga hodi mara tatu kwa sauti rasmi. Akiitikwa, ardhi ina mtu. Asipoitikwa, ardhi ni tupu, inagawiwa. Na kabla ya zoezi, mwombaji sharti apige kambi palepale na familia yake nzima, kuonyesha nia.

"Familia nzima?"

"Nzima. Na wazee wake. Hatutaki mtu aje kuchukua ardhi kesho aseme kumbe kuna bibi alisahauliwa."

Dobi aliuliza, kwa adabu, ni familia ngapi zimeshapata. Afisa Mapokezi alitazama dari kwa muda.

"Zoezi linaendelea vizuri sana," alisema.

Waliliona shamba la kwanza wiki hiyohiyo, uwanda mpana wa nyasi fupi, upepo mwanana, bila jirani hata mmoja. Hema Mama watoto alilishona mwenyewe kwa mashuka yasiyofuatwa na wateja, moja la maua, moja la mistari, moja lenye chapa ya hoteli. Walipika, wakala, watoto wakakimbia mpaka wakaanguka kwa kicheko, maana hawakuwahi kukimbia bila kukuta ukuta. Bibi, mama yake Dobi, alitandikiwa mkeka mlangoni mwa hema akanyoosha miguu yake yote miwili kwa mpigo. Kule chumbani alikuwa akiinyoosha kwa zamu.

Asubuhi Idara ikaja. Mbele alitangulia Mpiga Hodi Mkuu, pande la mtu, shingo imefungwa kitambaa ili sauti isipigwe na baridi. Nyuma yake Msikilizaji, aliyepatikana kwa usaili mgumu na aliyekatiwa bima ya masikio. Mpiga Hodi Mkuu alisukutua kwa maji ya uvuguvugu, akakohoa kidogo, akasimama mguu sawa.

"Hodiii!"

"Karibu!" Bibi akaitika, tena kwa bashasha. "Karibu mwanangu, pita ndani, jua kali hilo!"

Msikilizaji alifumba macho, akayafumbua.

"Nimesikia karibu," alitangaza. "Ardhi ina mtu."

"Huyo ni mama yangu!" Dobi aliruka. "Ndiye familia nzima mliyoitaka! Tumekuja naye!"

"Kaitika," alisema Mpiga Hodi Mkuu. "Anayeitika hodi ndiye aliyepo, na palipo na mtu si patupu."

"Sawa. Basi kama yeye ndiye mwenyewe, tupeni."

"Hapewi mtu kilicho chake."

"Kwa hiyo ni chake?"

"Kitakuwaje chake naye hajapewa?"

Dobi alihisi kama mtu anayekunja shuka peke yake, kila akishika ncha hii ile inaponyoka. Lakini alijiambia kwamba wale wamesoma, na kwamba mambo ya wasomi hayaeleweki mara moja. Walifungasha hema.

Njiani Dobi alishindwa kuvumilia. "Mama, jamani. Si tulikwambia usiitike?"

"Mliniambia," alisema Bibi. "Na nikawasikia. Lakini mtu kasimama juani anapiga hodi, mimi nimekaa namtumbulia macho? Nimezaliwa mimi, sikuokotwa. Mama yangu angefufuka anizabe kofi."

"Mama, ni nyumba hiyo tunatafuta."

"Nyumba ya kutoitika hodi ni nyumba gani hiyo? Si kaburi?"

Mama watoto aligeuza uso pembeni akacheka kwenye kanga yake, maana kicheko cha mkwe mbele ya mkwe kina mipaka.

Shamba la pili lilikuwa chini ya majabali, mahali pa kupendeza. Safari hii walijipanga. Mpiga Hodi Mkuu alipokuwa akisukutua, Bibi naye alijaza maji mdomoni, mashavu yakamvimba, akakaa kama alivyoagizwa. Mama alimnyonyesha mdogo. Yule wa kike alipewa kipande cha muwa. Dobi alijishika kinywa kwa mikono miwili, kwa usalama zaidi.

"Hodiii!" alinguruma Mpiga Hodi Mkuu.

"...Hodiii!" yakajibu majabali.

Msikilizaji alishtuka. "Hakuna karibu," alisema taratibu. "Lakini kuna mtu mwingine anapiga hodi."

"Ni mwangwi huo!" alisema Dobi kupitia vidole.

"Mzee, tuachie kazi yetu. Kuna mwombaji mwenzako upande wa pili." Mpiga Hodi Mkuu aliweka mikono kinywani. "Wewe ni nani?"

"...Ni nani?" lilijibu jabali.

"Hataki kujitaja," alisema Msikilizaji.

"Jitokeze!"

"...Jitokeze!"

"Na ana kiburi. Anatuamrisha sisi."

Ikaamuliwa kwa haki kabisa kwamba Idara haiwezi kumpa Dobi ardhi inayogombewa, na kwamba yule mwombaji wa pili aitwe ofisini kujieleza. Aliitwa palepale kwa sauti kubwa. Naye akawaita wao. Shauri likaahirishwa mpaka mhusika atakapofika, na kwa taarifa za kuaminika mpaka leo hajafika. Bibi alimeza maji yake yote akasema amekunywa vya kutosha kwa mwezi mzima.

Mvua zikaisha. Mwenye nyumba hakusubiri matope yakauke. Waliporudi mjini walikuta masufuria yao barazani, kitanda kimeegeshwa ukutani, na pasi ya mkaa ya Dobi imewekwa juu ya rundo, na ndani bwana harusi anapaka rangi. Alipaka rangi ya waridi. Dobi alirudisha nguo za wateja nyumba kwa nyumba, akiomba radhi, na alipomaliza hakuwa na mbele wala nyuma. Aliketi kwenye beseni lililofunikwa akashika tama.

"Baba watoto, usife moyo," alisema Mama. "Hema tunalo."

"Hema tunalo. Pa kulisimika je?"

Alizunguka peke yake mpaka viatu vikaomba msamaha. Na katika kuzunguka huko akalipata shamba la tatu, ambalo sijui nilielezee vipi bila kuonekana natia chumvi. Kijito cha maji safi kilipita katikati, kikijigonga kwenye mawe bapa, mawe ya kufulia hasa, kana kwamba aliyeliumba alikuwa na dobi akilini. Upepo ulitoka upande mmoja bila kubadili nia. Dobi alivua shati lake, akalifua, akalianika kwenye kichaka, akakaa kuliangalia. Likakauka mbele ya macho yake. Miaka yote ile alikausha nguo kwa pasi na subira, na sasa hili lilikuwa limekauka lenyewe, bila kuombwa. Alilivaa lingali na joto la jua, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Wakapiga kambi. Bibi aliomba radhi mapema kwa marehemu mama yake, akaahidi kufunga mdomo.

Sasa ikatokea kwamba Waziri alikuwa ametangaza kuitembelea Idara, akaione familia ya kwanza iliyonufaika. Familia hiyo haikuwepo. Mkurugenzi, mtu mnene mwenye sauti laini, aliona bora asimamie zoezi hili mwenyewe, likamilike bila doa. Alikuja na watumishi kadhaa, Afisa Mapokezi akiwemo, na kiti chake cha kukunja, mto wa kuegemea, mwavuli na chupa ya chai. Alikiweka kiti chake kandokando ya kijito, chini ya mwavuli, miguu akaiingiza majini.

"Endeleeni," alisema.

Mpiga Hodi Mkuu alisimama. Bibi alivimba mashavu. Mama aliweka kiganja kwenye kinywa cha mdogo. Yule wa kike alijikunyata. Dobi hakupumua.

"Hodiii!"

Kimya. Maji tu yakipita.

"Hodiii!"

Kimya. Dobi alisikia moyo wake mwenyewe, akaogopa Msikilizaji asije akausikia. Mkurugenzi alikuwa ameshalegea, kidevu kifuani, upepo ukimbembeleza.

"Hodiii!"

"Karibu," alisema Mkurugenzi usingizini, kwa sauti ileile ya ofisini. "Pita tu, mlango uko wazi."

Hakuna aliyesogea. Msikilizaji aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akameza mate.

"Mheshimiwa, nimesikia karibu."

"Ya nani?"

"Yako, mheshimiwa."

Mkurugenzi alizinduka. Aliangalia miguu yake majini, akayaangalia mawe, nyasi, na ule upepo. Kitu fulani kilimpitia usoni, na Dobi, aliyezoea kuona doa kabla mwenye shati hajalikiri, alilitambua.

"Aa," alisema Mkurugenzi. "Ni jambo la kusikitisha. Lakini kanuni ni yangu mimi, nitaivunjaje? Nikijitoa nitakuwa nimejipendelea."

Bibi aliyatema maji yote. "Na mimi nilipoitika, mbona sikupewa?"

"Kanuni ilikuwa na upungufu, mama. Tunaurekebisha." Mkurugenzi alisimama kijitoni, suruali imekunjwa magotini, akanyoosha mkono. "Kuanzia dakika hii, anayeitika hodi ndiye mwenyeji halali wa mahali alipoitikia, yeye na kizazi chake, na wala asibughudhiwe na yeyote, awe raia, awe ofisa, awe Waziri. Afisa, andika, peleka wizarani leoleo."

Watumishi wakapiga makofi.

Dobi hakupiga. Alikaa chini kwenye nyasi ambazo dakika moja kabla zilikuwa karibu kuwa zake. "Mheshimiwa," alisema. "Mimi sina pa kurudi. Nina mama mzee. Nina watoto. Hili shamba nimelitafuta kwa miguu yangu."

"Na Idara inakushukuru kwa kulitafuta," alisema Mkurugenzi, na kweli alishukuru, usoni kabisa. "Nendeni makao makuu mkasubiri. Asiondoke mtu pale mpaka ahudumiwe. Hiyo ni amri."

Dobi aliondoka akiongozwa na mkewe kwa mkono. Njia nzima Bibi ndiye aliyesema, na aliyoyasema hayafai kuwekwa kwenye taarifa rasmi.

Makao makuu palikuwa kimya. Mkurugenzi alikuwa ameona kwamba shamba lake jipya linahitaji uzio, na uzio unahitaji nguvu kazi, na nguvu kazi ya taifa iko wapi kama si kwa watumishi wa umma? Akawaita wote wakapige kambi kijitoni: wahasibu wachimbe mashimo, makatibu wapake chokaa, Afisa Mapokezi abebe nguzo. Hata mlinzi wa lango aliitwa. Alikuwa anaondoka familia ilipofika, akampa Mama ufunguo.

"Funga, mbuzi wasiingie," alisema. "Mkihudumiwa niachieni chini ya jiwe."

Walikaa kwenye benchi, wote watano, kwa mpangilio. Waliketi vizuri, wakasubiri kuitwa. Jioni wakajinyoosha. Kesho yake wakaketi tena. Dobi alikataa kabisa kusimika hema kwenye bustani ya serikali.

"Hivi tunamsubiri nani?" aliuliza Bibi.

"Mhusika."

"Yuko wapi?"

"Yuko nje kikazi."

"Basi na mimi niko ndani kikazi," alisema Bibi, akatandika mkeka wake kwenye majani, akanyoosha miguu.

Ikawa hivyo. Hema likasimama bustanini kwa muda tu, alisema Dobi, kwa ajili ya mzee. Jiko likawekwa barazani kwa muda tu. Na yeye mwenyewe, akiwa amekaa bure, macho yake yakatua kwenye mapazia ya ofisi. Jamani, yale mapazia! Hayakuwa yamefuliwa tangu yatundikwe. Dobi alijizuia asubuhi nzima. Mchana uzalendo ukamshinda, akayashusha, na baada ya mapazia akafua vitambaa vya meza, na foronya za viti, na bendera. Bomba lilitoka maji mengi, ya tangi kubwa. Alifunga kamba kutoka mlingoti hadi mlingoti, na kwa kuwa milingoti ilikuwa mingi, kwa heshima ya Idara, kamba zikawa ndefu kuliko zote alizowahi kufunga. Watu wa mashamba ya jirani waliona weupe ule kwa mbali, wakaanza kuleta nguo.

Waziri alikuja kabla ya siku yake. Ndio utaratibu wa mawaziri, hupenda kuwafumania watu wakichelewa. Alikuja na msafara, wapiga picha na wanahabari, wakasimama langoni, na kwa kuwa ni Idara yenye sifa ya hodi, Waziri alitaka kuonyesha kwamba yeye si mtu wa makuu.

"Hodi!" alisema, akitabasamia kamera.

Bibi alikuwa anachagua mchele.

"Karibu!" aliitika. "Karibuni wanangu, piteni! Viatu vueni hapo, majani ya watu hayo."

Waziri alivua viatu. Msafara mzima ukavua. Walipita pekupeku chini ya mashuka yanayopepea, wakamkuta bibi na ungo wake, mama anapuliza moto, watoto wanakimbizana, na baba amesimama na pasi mkononi, amepigwa butwaa.

"Mama, hapa ni kwako?" aliuliza Waziri.

Dobi alitaka ardhi ipasuke. Kuidanganya serikali hakuweza, hata kama ingemgharimu kila kitu. "Mheshimiwa, samahani sana," alisema. "Hapa ni ofisi. Sisi tunasubiri kuhudumiwa tu."

"Wewe nawe," alisema Bibi. "Amepiga hodi nani?"

"Mheshimiwa Waziri."

"Na nani ameitika?"

Msaidizi wa Waziri, msichana makini aliyesoma kila kinachofika wizarani, alimnong'oneza bosi wake. Kulikuwa na marekebisho mapya ya kanuni, yametoka kwa Mkurugenzi mwenyewe juzijuzi. Anayeitika ndiye mwenyeji halali, yeye na kizazi chake. Asibughudhiwe na yeyote.

"Hata na mimi?" aliuliza Waziri.

"Umetajwa, mheshimiwa."

Waziri alifikiri. Kamera zilikuwa zinawaka. Alikuwa ameahidi taifa familia ya kwanza, na familia ya kwanza ilikuwa mbele yake, yenye nguo safi kupita familia yoyote aliyowahi kupiga nayo picha.

"Ndugu wananchi," alitangaza, "waliotubeza leo wataona haya! Hii hapa familia ya kwanza! Ilikuja haina kitu, leo ina ukuta, tangi na veranda!"

"Na ofisi, mheshimiwa?" Dobi aliuliza, maana haki ni haki.

Waziri alichungulia dirishani. Viti vitupu, meza tupu, vumbi.

"Ofisi gani?" alisema. "Ofisi ina watu."

Akapiga picha na Bibi, akavaa viatu, akaondoka. Dobi alibaki amesimama, haelewi kama acheke au alie. Mama alimpokonya pasi, maana ilikuwa inaunguza suruali ya mtu.

Mkurugenzi alipata habari kwenye redio, kule kijitoni, na kwanza alishangilia, maana zoezi lake lilikuwa limezaa matunda. Alishangilia mpaka mtangazaji alipoanza kueleza rangi ya paa. Alifika akiwa peke yake, gari limejaa matope, suruali ingali imekunjwa, akakuta lango limefungwa. Alipaza sauti afunguliwe. Hakufunguliwa, kwa sababu kanuni haisemi chochote kuhusu mtu anayefoka langoni.

Ndipo akakumbuka. Hodi tatu zisizoitikwa, na mahali panakuwa patupu tena.

Bibi alikuwa amesinzia kwenye mkeka. Mama alikuwa bombani na watoto. Dobi peke yake alikuwa karibu, nyuma ya shuka kwenye kamba, na kupitia kitambaa alimwona Mkurugenzi akisogeza mdomo kwenye tundu la lango.

"Hodi," alinong'ona Mkurugenzi, kwa sauti ambayo hata Msikilizaji angehitaji kuongezewa bima.

Hakuna aliyeitika.

"Hodi," alinong'ona tena.

Dobi alishika kamba. Maisha yake yote hakuwahi kuitika hodi. Kila mlango alioishi nyuma yake ulikuwa wa mtu mwingine, na hodi ikipigwa aliyeitika alikuwa mwenye nyumba, na yeye aliinamisha kichwa kwenye beseni. Alimwona Mkurugenzi akivuta pumzi ya tatu.

"Ho..."

"Karibu!" Dobi alipiga ukelele, hodi haijaisha hata kutoka. "Karibu! Karibu sana! Karibu kwetu!"

Bibi alizinduka. Watoto walikuja mbio wakishangilia bila kujua wanashangilia nini, na Dobi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, shuka la watu limemzunguka shingoni.

Mkurugenzi aliondoka bila kuaga. Aliporudi kijitoni giza lilikuwa linaingia, hema lake limefungwa zipu, naye kwa mazoea ya malezi mema akapiga hodi. Mpiga Hodi Mkuu alikuwa ndani amejipumzisha. Miaka yote ile ya utumishi yeye alipiga tu, hajawahi kuitika hata mara moja, na neno "karibu" lilimtoka kwa furaha ya ajabu.

Asubuhi yake Mkurugenzi alikuwa tena langoni kwa kina Dobi, safari hii kwa miguu, kiti cha kukunja begani na mto kwapani. Alipiga hodi kwa sauti ya kawaida. Aliitikwa na watu watano. Aliuliza, akiangalia chini, kama panaweza kupatikana mahali padogo pa kupiga kambi, kwa muda tu, wakati shauri lake linashughulikiwa.

Dobi alimtazama mama yake.

"Apite," alisema Bibi. "Alale pale kwenye majani, karibu na bomba. Vua viatu, mwanangu. Na hodi ikipigwa, wewe nyamaza."